Kumi na Watatu wa Kozi ya Ujenzi

Kaloleni, Nairobi
4 Mei 1959

Baba Mdogo mpendwa na mheshimiwa,

Nakuandikia kwa sababu moja: nahitaji msaada wako katika kazi ya Serikali. Nimeitanguliza sababu hiyo kwa kuwa Bwana Pelham, mkuu wa ofisi yetu ya takwimu za elimu, anasisitiza kwamba barua nzuri hutaja shabaha yake katika sentensi ya kwanza. Mama angesikia nimeomba msaada kabla ya salamu asingenipa chakula. Basi naomba nirudi mlangoni nibishe hodi.

Hodi, Baba Mdogo. Hamjambo hapo Nakuru? Mama Mdogo Akeyo anaendeleaje na mafua yake? Je, binti yenu Awuor bado anawafunga bandeji kuku? Huku sijambo, ila paa la chumba changu linavuja juu ya kitanda, na nimelazimika kulala kwa pembe kama mstari wa grafu. Baba ameniandikia kutoka nyumbani kwamba mgongo umepata nafuu na anakusalimu.

Sasa kazi. Tangu nirudi kutoka Kampala na shahada yangu, hili ndilo jukumu kubwa la kwanza nililokabidhiwa, na nimo katika miezi ya majaribio. Nikilitekeleza vyema, nitathibitishwa kuwa Afisa Msaidizi wa Takwimu, mwenye meza yenye droo ya kufungwa kwa ufunguo.

Katika Chuo cha Ufundi cha Mawe Mawili, huko Njoro, vijana waliomaliza sekondari husomea stashahada kwa miaka mitatu. Kozi ya useremala iliandikisha arobaini, na wote wangali darasani au wamehitimu. Kozi ya ujenzi nayo iliandikisha arobaini, lakini kumi na watatu wametoweka bila kumaliza. Hakuna karo iliyokosekana, hakuna mgomo, hakuna maradhi. Tusipomweleza Bwana Pelham sababu, kozi hiyo itafungwa mwezi wa Desemba na waliobaki watarudishwa makwao.

Wewe uko karibu, na kiwanda chenu cha magunia huwapokea wanafunzi hao kwa mafunzo ya vitendo. Je, umewahi kusikia lolote?

Mwanao mtiifu,
Peterson Ogola, B.A.


Nakuru
30 Mei 1959

Mwanangu Peterson,

Salamu nyingi. Barua yako ilifika upesi sana, sijui kwa nini jibu langu limechelewa. Pengine ni posta.

Sisi hatujambo. Mafua ya Mama Mdogo yamepona yenyewe baada ya kumshinda daktari. Awuor ameacha kuku, sasa anamfunga bandeji paka wa jirani, na jirani amekuja kulalamika. Nimefurahi kusikia habari za mgongo wa baba yako. Mwambie asipande tena juu ya paa, yeye si kijana.

Habari kubwa huku ni mpira. Unajua tangu zamani mimi ni meneja wa Timu ya Magunia, lakini mwaka huu, mwanangu, Mungu ametukumbuka. Tuna winga mmoja wa kutoka Rongai, Kimaiyo, akikimbia utadhani ameibiwa. Beki wetu ni Nyongesa, kijana mpana kama mlango wa ghala. Na kipa ni Darweshi, mtoto wa Bi Mastura wa hapa Bondeni. Kipa wa kwanza alivunjika mkono mwaka juzi mwezi wa Julai, nikahangaika wiki nzima hadi nikampata huyu. Tumewafunga watu wa Molo manne kwa bila.

Ukuta wa ghala letu jipya bado unajengwa. Unakwenda polepole.

Kuhusu wale wanafunzi, mimi sijui kitu. Chuo kiko Njoro na mimi niko Nakuru. Pengine ni upepo. Njoro kuna upepo mkali.

Baba yako mdogo,
Nicodemus Ogola
Msimamizi wa Washonaji, na Meneja


Kaloleni, Nairobi
8 Juni 1959

Baba Mdogo mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za dhati. Nimefarijika kusikia kwamba Mama Mdogo amepona, na naomba paka aombwe radhi kwa niaba ya ukoo. Paa langu limezibwa, lakini nimezoea kulala kwa pembe na siwezi tena kunyooka.

Nimelichukua pendekezo lako la upepo kwa uzito unaostahili. Niliomba vipimo vya hali ya hewa vya Njoro na kuvilinganisha na tarehe za kutoweka. Nasikitika kukujulisha kwamba upepo hauna hatia. Isitoshe, maseremala hupigwa na upepo uleule na hawaendi popote.

Hata hivyo nimegundua mambo mawili ya kustaajabisha. Kwanza, wanafunzi kumi na wawili wametoweka katika miezi ya Januari na Februari, kabla tu ya mwezi wa Machi. Pili, mmoja alitoweka peke yake, ghafla, mwezi wa Julai 1957. Kwa nini Julai? Kwa nini mmoja? Nimelitafakari jambo hilo hadi nikaungua ulimi kwa chai.

Huenda ukaniuliza majina yao. Takwimu hazina majina, Baba Mdogo, na huo ndio uzuri wake. Jina humvuta mtu katika huruma. Nambari humwacha afikiri. Nimeomba zahanati ya chuo inipe kadi za afya za wanafunzi wote, nazo pia zitakuja kwa nambari tupu.

Nakushukuru kwa habari za mpira, ingawa sikuziomba.

Mwanao,
Peterson Ogola, B.A.


Nakuru
19 Julai 1959

Mwanangu Peterson,

Usihesabu siku, nilikuwa na kazi.

Tuko salama. Awuor amepata tuzo shuleni kwa kuchora figo. Mama Mdogo anauliza kama umepata mchumba au unakula tu na nambari. Nimemwambia usomi unachelewesha mambo.

Mwanangu, mimi naona hili jambo la wanafunzi ungeliacha lipumzike. Kijana akitoka chuoni si kwamba amekufa. Pengine amepata kazi nzuri ya kushona. Nasema kushona kwa mfano tu, inaweza kuwa kazi yoyote. Na hiyo Julai usijisumbue nayo, mtu mmoja si hesabu.

Au ni maharagwe. Chuoni wanakula maharagwe sana.

Nilitaka pia kuuliza: mkishajua sababu, mtafanya nini? Kuna mtu atakayeitwa ofisini? Nauliza kwa ajili ya rafiki.

Tumeingia nusu fainali. Darweshi amezuia penalti mbili, na moja alizuia akiwa ameshafunga macho. Tukishinda tutakutana tena na timu ya Gilgil. Unajua vile Gilgil wamenifanya.

Wako,
Baba Mdogo Nicodemus


Kaloleni, Nairobi
3 Agosti 1959

Baba Mdogo mheshimiwa na mpendwa,

Salamu zangu ziwafikie nyote, na pongezi kwa Awuor na figo lake. Mwambie Mama Mdogo kwamba mchumba atatafutwa baada ya droo.

Naandika kwa furaha isiyo kifani. Nimepata jibu.

Kadi za zahanati zilipofika niliwagawa wanafunzi katika makundi mawili: waliobaki na waliotoweka. Waliobaki wana kikohozi, nyayo bapa, na maumivu ya tumbo yasiyo na sababu. Waliotoweka, wote kumi na watatu, walikuwa na afya ya kutisha. Mapafu bora, mapaja imara, hakuna hata mmoja aliyewahi kulazwa. Kando ya kadi moja mganga aliandika "kama swala". Yule wa Julai ana mikono inayokaribia magoti.

Basi hitimisho ni wazi, na nashangaa kwamba halijawahi kuandikwa na mtaalamu yeyote: afya njema huwafanya wanafunzi wasikamilishe masomo. Mwili wenye nguvu hautulii darasani. Maseremala wetu, kwa bahati njema, ni wadhaifu.

Nimependekeza, na Bwana Pelham amekubali kwa majaribio, kwamba kuanzia muhula wa Septemba maziwa ya wanafunzi wa ujenzi yapunguzwe kwa nusu, nyama iwe mara moja kwa wiki, na mazoezi ya asubuhi yafutwe. Ukamilishaji usipopanda, kozi itafungwa Desemba kama ilivyopangwa. Mkurugenzi wa Elimu mwenyewe amesoma taarifa yangu na kuiita "mpya kabisa".

Nilifikiri ungependa kuwa wa kwanza katika ukoo kujua.

Mwanao,
Peterson Ogola, B.A.


Nakuru
6 Agosti 1959

Peterson,

Wote wazima, salamu baadaye. Usiwanyime watoto maziwa.

Jana jioni Mama Mdogo alikuwa akinisomea barua yako, kwa sababu miwani yangu Awuor ameifunga bandeji. Akafika pale penye mapafu, akarudi nyuma. Akasoma tena kimoyomoyo.

"Nicodemus," akasema, "huyu mtoto ameandika kwamba afya ni ugonjwa."

"Ndivyo takwimu zinavyosema," nikamjibu.

"Zinasema hivyo kwa sababu wewe umezificha ukweli. Yule mwenye mikono mirefu ni nani?"

"Sijui."

"Humjui? Juzi alikaa hapo kwenye stuli, akachukua chumvi kutoka meza ile bila kuinuka. Shika kalamu, au kesho ule magunia."

Basi nimeshika. Wale kumi na watatu ninao mimi. Kumi na mmoja wanaingia uwanjani na wawili ni wa akiba.

Ilianza hivi. Chuo hutuletea wanafunzi wa ujenzi waje kujenga ukuta wa ghala. Wakipumzika wanapiga mpira wa matambara, na mimi nina macho. Nikimwona anayefaa namwuliza kama angependa kazi ya kushona magunia, kwa sababu sheria ya kombe inasema kila mchezaji awe mfanyakazi wa kiwanda. Mashindano yanaanza Machi, kwa hiyo nachukua Januari na Februari. Huyo wa Julai ni Darweshi, kipa alikuwa amevunjika. Ndiyo sababu ule ukuta haujapita kiuno miaka mitatu: kila fundi akianza kuuzoea, namchukua. Maseremala hawaletwi huku, wangeletwa ungekuta nao wamepungua.

Sikukudanganya, mwanangu. Kila barua nilikuandikia majina yao. Ila sikusema ndio hao.

Nicodemus


Kaloleni, Nairobi
27 Agosti 1959

Baba Mdogo,

Natumaini hamjambo. Barua hii nimeiandika mara nyingi na kuichana, na mwenye nyumba ameniuliza kama nafuga panya.

Umeniacha nikaishauri Serikali kwamba raia wake wadhoofishwe. Kila ulipomtaja mchezaji ulikuwa ukinipa takwimu, nami nikazipita kama mtu anavyopita matangazo ya sabuni. Siwezi kukulaumu peke yako. Niliwaondolea majina kwa hiari yangu, kisha nikashangaa kwamba siwajui.

Hali ni hii. Nikisema ukweli, Bwana Pelham atajua kwamba afisa wake hawezi kutofautisha mshambuliaji na maradhi, na droo itakwenda kwa mwingine. Nikinyamaza, wale ishirini na saba waliobaki watakunywa nusu ya maziwa yao kwa kosa la kutojua kucheza mpira, na Desemba watafukuzwa wote. Siwezi kunyamaza. Lakini pia siwezi kulipeleka jina la ndugu wa baba yangu mbele ya Mzungu bila ruhusa yake.

Naomba nikuulize jambo moja ambalo halimo kwenye majedwali yangu. Nyongesa atashona magunia hadi lini? Beki huzeeka, Baba Mdogo. Stashahada ya ujenzi haizeeki. Nafasi zao chuoni bado ziko wazi, niliangalia. Zungumza nao, kisha unijibu kwa haraka uliyoitumia kutetea maziwa.

Mwanao,
Peterson


Nakuru
9 Septemba 1959

Mwanangu,

Hatujambo. Mama Mdogo anakusalimu kwanza wewe, halafu mimi, ndivyo alivyosema niandike.

Niliwakusanya vijana nyuma ya ule ukuta. Wakakaa juu yake, maana unafaa kwa kukaa. Nikawaambia chuo kinawataka warudi.

"Mzee, kwani tuliacha?" Nyongesa akauliza. "Mimi nilidhani ni likizo."

"Likizo ya miaka miwili?"

"Nilikuona wewe huna haraka, nikaona nitulie."

Darweshi akasema Bi Mastura hajui kwamba ameacha. "Kila Ijumaa ananiuliza mwanangu, wiki hii mmesoma nini. Namwambia kona. Ananisifu."

Kimaiyo ndiye aliyeniumiza. Akaupiga ukuta teke kidogo, akasema, "Mzee, mimi nitarudi. Huu ukuta unanikera kila nikiupita. Najua pale tulipokosea, na sijui namna ya kurekebisha, kwa sababu ulinichukua kabla hatujafundishwa."

Wengine wakakubali mmoja mmoja. Wote kumi na watatu.

Sasa nikuambie yangu. Nusu fainali tulishinda. Fainali ni hapa kwetu, Jumamosi tarehe 31 Oktoba, saa kumi alasiri, na ni Gilgil. Nimeshindwa na Gilgil fainali nne. Meneja wao hunitumia kadi ya Krismasi kila mwaka, na ndani ameandika tu matokeo. Vijana wakiandikishwa chuoni leo, si wafanyakazi tena, hawawezi kucheza. Itabidi niingize washonaji wenyewe, na aliye mdogo kuliko wote ana wajukuu.

Lakini sitakuomba uchelewe. Nimeomba mengi bila kuomba. Taja jina langu. Ukisema warudi kesho, nitawasindikiza mimi mwenyewe hadi Njoro, na viatu vyao nitavibeba.

Baba yako mdogo,
Nicodemus


Kaloleni, Nairobi
22 Septemba 1959

Baba Mdogo mpendwa,

Nawasalimu nyote kwa mpangilio wa Mama Mdogo. Baba ameandika, amepanda tena juu ya paa.

Niliingia kwa Bwana Pelham Ijumaa iliyopita nikiwa na tai mbili, moja shingoni na nyingine mfukoni, kwa sababu natoka jasho nikisema ukweli. Nilimweleza kila kitu kuanzia upepo. Alinisikiliza huku akiikunja taarifa yangu mara nne.

"Ogola," akasema, "unaniambia kwamba kozi ya ujenzi haina kasoro yoyote isipokuwa mjomba wako?"

"Baba mdogo, Bwana," nikamsahihisha.

"Na maziwa?"

"Nilikosea, Bwana. Waliondoka kwa sababu walichaguliwa, na walichaguliwa kwa sababu wana afya. Nami nikaishtaki afya."

 Kisha akaniambia nipige simu Mawe Mawili maziwa yarudishwe yote siku hiyohiyo, na yamerudishwa. Nyama pia.

Akataka vijana wawe chuoni tarehe mosi Oktoba. Hapo, Baba Mdogo, nilifanya jambo ambalo sikufundishwa Kampala. Nilimchorea grafu kuonyesha kwamba mwanafunzi aliyekosa miaka miwili hadhuriki zaidi kwa kukosa mwezi mmoja. Ni kweli, lakini singeichora kama fainali ingekuwa Septemba. Ameikubali, kwa sharti. Hataki tena nambari kutoka kwangu. Atakuja Nakuru mwenyewe, na fomu kumi na tatu za kuandikishwa upya, awaone vijana kwa macho yake, kila mmoja na jina lake, na kila mmoja atie sahihi mbele yake. Wakitimia, Jumatatu wataingia darasani, kozi itaendelea, na mimi nitathibitishwa. Akikosekana hata mmoja, kozi itafungwa, nami nitarudi nyumbani kumshikia baba ngazi.

Jina lako nimelitaja, kwa ruhusa yako. Alilirudia mara mbili, akauliza kama ukuta unaweza kukamilika. Nikamjibu kwamba Kimaiyo anarudi chuoni kwa ajili hiyo.

Basi waambie wasivue jezi wala wasiende kuoga. Tutakutana katikati ya uwanja wa Magunia, mimi, wewe na Bwana Pelham, Jumamosi tarehe 31 Oktoba, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, tuwe tumeshinda au tumeshindwa. Nakusihi tu asibebwe mtu yeyote mabegani kabla hajahesabiwa.

Mwanao,
Peterson